Mwendo wa Baba katika Kurasa Ishirini na Nne

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naanza na mguu wako kabla ya jambo lolote, maana najua wewe utauandikia mstari mmoja kisha uhamie kwenye habari za mtaa. Plasta inabana? Inawasha? Unalala? Na je, ni kweli alivyoniambia jirani yako kwenye simu, kwamba ulianguka kutoka kwenye stuli umekumbatia jora la kitambaa, na hukuliachia hadi ulipofika chini?

Sisi huku hatujambo. Mume wangu mzima. Mafundi simu wenzangu wanakusalimu, hasa yule uliyemwambia kwamba suruali yake ilishonwa na adui yake.

Habari kubwa ni kwamba Mwenyekiti anatembea. Miezi kumi na saba mtoto amekaa kitako anatoa amri, sisi tunakimbia kuleta, ndiyo maana jina limemganda. Wiki iliyopita alisimama, akaachia kochi, akavuka sebule nzima bila kumtazama mtu. Nililia. Anayumba kidogo lakini anafika anakokwenda. Tulipompeleka kliniki, daktari wa watoto alimtazama akienda na kurudi, akaniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyechechemea tangu utotoni. Nikamwambia wazazi wangu wote wawili walifariki kabla sijapata akili, nitamuuliza aliyenilea. Basi nakuuliza, Shangazi. Baba alitembeaje? Daktari anasema kama yupo mtu wa namna hiyo, atampiga mtoto picha ya mifupa mara moja. Kama hayupo tutasubiri kwanza, kwa sababu watoto wengi huyumba wakianza na baadaye hunyooka wenyewe.

La pili ni wewe. Wiki sita kitandani bila mkasi, nakujua, utaanza kugombana na dari. Fungua droo ya chini ya kabati la chumba changu. Chini ya vitabu vya shule kuna ile gemu yangu ya mkononi, ile ya kukunja yenye vioo viwili. Chaja imo ndani ya soksi. Humo kuna daftari la kuchorea: unachora ukurasa, unachora wa pili uliobadilika kidogo, wa tatu hivyo hivyo, kisha unabonyeza na picha inatembea. Jaribu kitu kidogo. Ukishindwa hakuna atakayejua ila mimi, na mimi nitawaambia watu wachache tu.

Mwanao

---

13 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mguu upo. Umefungwa, umeinuliwa juu ya mito mitatu, unaheshimiwa kuliko mimi. Na ni kweli sikuliachia jora. Mfupa utaunga, kitambaa kile hakiletwi tena. Msalimie mkwe wangu, na yule fundi mwenye suruali mwambie alete kipimo, nikiinuka nitamsitiri.

Ulichouliza: baba yako alitembea kama watu wanavyotembea. Ukoo wetu hauna ugonjwa wa miguu. Mwambie daktari hivyo, na mtoto apewe maziwa na muda.

Sasa nisikilize kuhusu hiki kidubwasha chako. Siku ya kwanza nilikizima mara mbili nikidhani nakiwasha. Siku ya pili nililipata daftari. Kalamu yake ni nyembamba kama njiti ya kiberiti, na mimi nimezoea chaki, kwa hiyo mistari yangu ya mwanzo ilikuwa kama ya mtu anayeandika ndani ya gari linalokwenda. Nilichora mpira unadunda. Kurasa kumi. Nikauendesha.

Ulikuwa msiba. Mpira ulishuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, ukakaa chini, ukafikiri, ukapanda tena kwa mwendo ule ule. Nikautazama mara ishirini nione kosa liko wapi. Kosa lilikuwa langu na la kazi yangu. Nilikuwa nimeziweka picha kwa nafasi zinazolingana, kutoka juu hadi chini, kama ninavyopanga vifungo vya shati. Nilipima kabisa, kwa ukucha. Mpira hautaki vifungo. Ukiwa juu picha zake zinabanana, ukikaribia chini zinaachana, ndipo unaanguka kama kitu chenye uzito. Hilo hakuna aliyenifundisha, nimeligundua mwenyewe nikiwa nimelala chali.

Na nimependa jambo moja. Ukifungua ukurasa mpya, ule uliopita unaonekana kwa chini umefifia, kama karatasi ile nyepesi ninayonakilia ramani ya gauni. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuwa mwanafunzi wa kazi hii miaka arobaini bila kuambiwa. Nimeshachora mpira wa pili, unadunda vizuri mno. Nimechora na sindano inayochomoka kwenye kitambaa na kurudi. Hii nitaifikisha mbali, utaona.

Shangazi yako

---

24 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena. Natumai mito imebaki miwili sasa. Hapa sote wazima, ila Mwenyekiti ana mafua na anatulaumu sisi.

Barua yako niliisoma kwa sauti dukani. Mpira kuwekwa vifungo, watu wamecheka hadi mteja akatoka nje kujipangusa macho. Lakini nilijivunia pia. Wengine hutumia miezi kujua hilo la kubanana na kuachana.

Jibu lako nilimpelekea daktari, akaandika kwenye kadi: hakuna. Tutarudi kwake tarehe 20 Machi.

Sasa nina ombi, na usilikatae kwa haraka. Mchore Baba. Nina picha zake tisa. Sita amekaa. Tatu amesimama nyuma ya kiti. Nimezitazama tangu utoto hadi nikajua kila mkunjo wa shati, lakini sina hata moja anayotembea. Wewe ulimshonea nguo zake zote. Hakuna aliye hai anayeujua mwili wake kama wewe. Nataka nimwone anakuja, Shangazi. Hata kwa mistari minne na kichwa cha duara, mimi nitashukuru. Ukimaliza, chomoa ile memori kadi ndogo ubavuni, itie kwenye bahasha.

Mwanao

---

12 Machi

Mwanangu,

Nimepona nusu. Natembea na magongo kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, naitazama, narudi. Mafua ya mtoto yakiendelea mkande kifua kwa kitambaa cha moto. Salamu kwa wote.

Kadi imo ndani, nimeishonea mfuko mdogo wa satini isije ikapotea posta. Humo yumo baba yako.

Nimemchora kwa mbele, anakuja, maana fundi humwona mtu hivyo anapoingia mlangoni. Suruali ya kijivu, mkunjo umenyooshwa kwa pasi, koti, daftari kwapani. Mikono ilinitesa. Mara ya kwanza mkono wa kulia ulikwenda mbele pamoja na mguu wa kulia, akawa kama mlango unaofunguliwa. Nikainuka, nikajitazama mwenyewe kwenye kioo cha wateja nikitembea kwa magongo, nikaona sifai kuwa mfano wa mtu yeyote. Nikaita wapita njia dirishani nikawatazama. Nikaelewa.

Basi nikachora hatua ya mguu wa kulia, kurasa sita, nikachoka. Ndipo nikaona kuna kitufe kinachogeuza picha, kulia ikawa kushoto. Binti yangu, huo si ndio ufundi wangu? Suruali huikati mguu mmoja mmoja. Unakunja kitambaa, unakata mara moja, miguu miwili inatoka pacha. Nikazinakili zile sita nikazigeuza, hatua ya kushoto ikatoka yenyewe. Kurasa kumi na mbili, na mtu anatembea. Nilipiga makofi peke yangu chumbani kama mwendawazimu.

Kuna kitu katika mwendo wake bado kinanikera, nadhani ni kasi. Lakini uso nimeupata. Tazama masikio.

Shangazi yako

---

22 Machi

Shangazi yangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Sijui niandike nini. Masikio ni yangu. Nimekaa miaka ishirini na saba na masikio haya bila kujua nimeyapata kwa nani, picha zile tisa zote amevaa kofia.

Nimemtazama Baba akija labda mara mia. Nilimwonyesha mume wangu, nilimwonyesha kila mtu dukani, nikamshika Mwenyekiti mapajani nikamwambia huyu babu yako. Akampungia mkono.

Na juzi, siku ya kliniki, nikaichukua ile gemu mpya ya dukani nikaipachika kadi, nikamwonyesha daktari. Nilikuwa najidai tu, nakiri. Lakini alitazama kwa makini. Akasema baba yako alikuwa na mwendo wa gwaride, hapa hakuna hitilafu hata kidogo, na shangazi yako ana jicho. Kwa hiyo ameridhika. Amesema tusubiri, turudi Septemba.

Mtoto anazidi kuwa hodari, ila bado ana kale kamtindo kake. Akikanyaga mguu wa kushoto mwili wote unalalia huko huko kushoto, kama anayesalimia watu wa upande mmoja tu wa barabara. Mguu wa kulia anakwenda sawa. Mume wangu anasema ni maringo. Unaendeleaje wewe? Magongo umeyaacha? Nijibu upesi, na kama una nguvu nichoree Baba akiketi.

Mwanao

---

31 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima. Nilitaka kukuambia uisome barua hii umekaa. Hapana. Isome umesimama, kisha uende kwa daktari leo.

Mwendo niliokutumia si wa baba yako. Ni wa suruali zangu.

Nilipofika kwenye mstari wako kwamba mtoto akikanyaga kushoto mwili unalalia kushoto, niliweka barua chini. Nilijua nimefanya nini. Baba yako alichechemea tangu siku ya kwanza alipotembea hadi siku ya mwisho. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili, na nyonga ya kushoto haikumshika. Bibi yetu, mama wa baba yetu, naye alikuwa hivyo hivyo, upande ule ule. Kwa hiyo ukoo unao. Ulikuwa nao tangu zamani na mimi nikamwambia daktari wako, kwa mkono wangu, kwamba hauna.

Nikueleze ilivyokuwa, si kujitetea, ila ujue. Watoto wenzake walimdhihaki sana. Alipokua akaniambia, wewe ni fundi, nifiche. Nikamficha. Kila mguu wa suruali yake niliukata peke yake, pindo la kushoto juu kidogo, pamba nyembamba ndani ya kiuno, koti refu la kufunika makalio. Fundi viatu wa jirani, Mungu amrehemu, alimtilia soli ya pili ndani. Akisimama humjui. Akitembea hatua tatu nne, bado humjui. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe aliniapisha nisiseme kwa mtu maishani, kwa kuwa watu wangesema ni ugonjwa wa ukoo, wangemnyima mke. Mama yako aligundua baada ya harusi, akacheka, akasema alidhani ni madaha.

Walipofariki nikabaki na wewe na kiapo. Na wewe ulipokuja kuposwa, wakwe zako wakaniuliza kama kuna maradhi katika ukoo. Nikasema hatuna hata mafua. Nilikuwa nakulinda usikose mume. Nimezoea kukaa nalo neno hili hadi likawa kama halipo. Ulipouliza Februari nilijibu kabla sijafikiri.

Lakini kinachoniuma zaidi ni zile kurasa. Miaka kumi na miwili nilimshonea baba yako, sikukunja kitambaa hata siku moja. Na nilipokaa kumchora, nikamkunja. Nikachora upande mmoja, nikaugeuza, nikajiambia huo ndio ufundi. Mwendo ulipotoka wa mtu nisiyemjua nikasingizia kasi. Nilijua, mwanangu. Mkono ulijua kabla yangu.

Sasa kadi ya pili hii hapa. Kurasa ishirini na nne. Kila ukurasa nimeuchora peke yake, kitufe cha kugeuza sikukigusa. Koti nimemvua, pamba nimeitoa, soli nimeitoa. Neno kuchechemea pekee halitoshi, watu wanachechemea kwa namna mia, ndiyo maana nimechora. Mwambie daktari asitazame miguu. Fundi akitaka kujua mtu anavyotembea hutazama mkanda wa suruali. Atazame mkanda kuanzia ukurasa wa tisa, namna unavyoshuka kulia wakati bega linakwenda kushoto, halafu amtembeze mtoto.

Nimeituma kwa huduma ile ya kufika kesho. Mumeo asome pia, na wazazi wake wakitaka kunilaumu waje, nipo. Nisamehe. Usinijibu kwanza, nenda.

Shangazi yako

---

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mguu wako nautakia heri. Mengine nitayasema yalivyo.

Nimekukasirikia siku nane na bado sijamaliza. Hukuwa na haki ya kunificha mguu wa baba yangu. Mimi si mkwe. Ningempenda hivyo hivyo, na ningejua la kumtazamia mtoto wangu tangu alipozaliwa. Nilipokumbuka nilivyoishika ile gemu mbele ya daktari nikijigamba, nilitamani sakafu ipasuke.

Nilikwenda siku ile ile. Sikuwa na miadi, nikakaa mlangoni kwake hadi akanipokea. Alitazama kurasa ishirini na nne mara moja kwa kasi, mara ya pili polepole, ya tatu ukurasa mmoja mmoja, kidole kwenye mkanda kama ulivyosema. Akamshika Mwenyekiti mkono akampeleka korido, akamwacha aje kwangu. Shangazi, ilikuwa kitu kile kile. Bega lile, mkanda ule. Daktari akaandika karatasi ya eksirei pale pale amesimama.

Nyonga ya kushoto haimo kwenye kikombe chake, lile shimo la mfupa inamopaswa kukaa. Imekaa pembeni tangu amezaliwa. Watamlaza kwa dawa ya usingizi, wairudishe mahali pake, kisha wamfunge plasta kuanzia kiunoni hadi chini, miezi mitatu na ushei. Daktari amesema tungesubiri hadi Septemba pengine ingebidi kukata mfupa, na hata hivyo asingeahidi. Sasa anaahidi karibu yote. Ni tarehe 23.

Mume wangu amesoma. Akasema mimi nilioa mtu, sikuoa nyonga. Wazazi wake bado hatujawaambia, tutawaambia.

Na kuna jambo lingine. Ule mwendo wa kwanza niliutazama mara mia, nikaupenda kama mtu anavyopenda picha nzuri. Wa pili niliutazama mara moja nikamjua. Alikuwa anakuja kama mwanangu anavyokuja.

Mwanao

---

17 Aprili

Mwanangu,

Mimi naendelea vizuri, plasta imetolewa, mguu umekonda hadi soksi inashuka. Kasirika mpaka umalize. Usipunguze kwa ajili ya umri wangu.

Tarehe 23 nitakuwa nimekaa karibu na simu ya jirani. Nimeshona nguo nne za mtoto zinazofunguka ubavuni kote, zitapita juu ya plasta bila kumgeuza. Vipimo nimekisia kutoka kwenye picha ulizonitumia, lakini nakisia vizuri. Akiwashwa msimtie kijiti ndani, mpulizieni upepo.

Mwambie mkwe wangu nimelia kwa lile neno lake, na suruali zake za maisha yote nitamshonea mimi.

Shangazi yako

---

2 Juni

Mwanangu,

Natumai wote wazima. Jirani aliniambia mlipiga simu kwamba ilikwenda salama, nikashukuru Mungu. Tangu hapo barua zangu mbili hazijajibiwa. Kama ni shughuli, sawa. Kama ni hasira bado, iandike uilete huku, nitaisoma yote. Usiniadhibu kwa kunyamaza tu, hilo ndilo nililokufundisha mimi na nimejuta.

Shangazi yako

---

14 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, na samahani. Haikuwa hasira. Iliisha kama mwezi Mei, sikumbuki siku gani. Ilikuwa ni mikono. Mtoto aliyefungwa plasta hadi miguuni habebwi kwa mkono mmoja, na jioni nilikuwa siwezi hata kushika kalamu. Zile nguo nne ndizo zilizotuokoa, manesi waliomba kipimo.

Plasta imetolewa tarehe 2. Eksirei imeonyesha nyonga imetulia kikombeni. Wiki ya kwanza alikuwa hataki hata kusimama, anatoa amri kama zamani. Jana alishika kiti, akashika kiti cha pili, akaachia vyote. Hatua saba. Mume wangu alikuwa amepiga magoti nyuma yake, haangalii kitu ila kiuno cha mtoto. Kilikwenda sawa, Shangazi. Kimenyooka kama kimepimwa.

Daktari ana ombi, na nimemwambia mwenye kuamua ni wewe. Anafundisha madaktari wanafunzi. Anasema vitabuni mwao kuna maelezo ya mwendo huu lakini hajaona mahali unapoonekana wazi kama kwenye kurasa zako. Anataka kuwaonyesha. Jina hatalitaja. Nilisita. Baba alijificha maisha yake yote, na mimi sikumjua kiasi cha kumsemea. Wewe ulimjua. Ukisema hapana, kadi narudisha na hakuna atakayeuliza.

Mwanao

---

27 Agosti

Binti yangu,

Marahaba mara tatu. Hatua saba nimezisoma mara nyingi kuliko saba. Mimi mzima, nimerudi kwenye cherehani, stuli nimeigawa.

Ombi la daktari nimekaa nalo siku nne. Nikuambie jambo la baba yako ambalo sijamwambia mtu. Alifundisha hesabu miaka kumi na moja, na kila asubuhi alikuwa darasani kabla ya mwanafunzi wa kwanza, amesimama ubaoni na chaki mkononi. Kengele ya kutoka ikilia alijifanya anafuta ubao hadi wa mwisho aondoke. Wako watu wazima waliosoma kwake miaka minne na hawakuwahi kumwona akipiga hatua tatu. Shuleni walimsifu kwa kuwahi. Mimi nilijua kwa nini anawahi, nikamsaidia kwa kumshonea koti zuri zaidi. Leo naona ningemsaidia kwa kumwambia aingie tu.

Kiapo kilikuwa cha mtu aliyeogopa kunyimwa mke. Alimpata mke, akampata mtoto, na mjukuu wake amepona kwa mguu ule ule aliouficha. Sidhani kama bado ananishika kwacho, na akinishika nitajibu mwenyewe. Jibu langu ni ndiyo.

Lakini zile kurasa ishirini na nne hazitoshi kwa wanafunzi. Suruali inaficha nyonga, watakisia tu. Nimemchora upya, kurasa arobaini na nane, ndiyo maana nimechelewa. Nimemvika kaptula. Mimi niliyemfunika miaka yote ile, nimemvika kaptula, na nilipofika kwenye magoti nikakumbuka yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeyasahau. Nimemchora anaingia mlangoni mwa darasa. Mbele yake kuna vichwa vya wanafunzi vimekwisha kukaa. Anapita kati yao hadi ubaoni, polepole, mwili unalalia kushoto, unarudi, unalalia tena, na yeye hana haraka. Ukurasa wa mwisho amewageukia.

Kadi imo humu. Mwambie daktari asiiwashe hadi wanafunzi wawe wamekaa wote.

Shangazi yako